Mbona unaniuliza mimi, yeye si yupo hapa

Mdogo wangu ana ulemavu wa akili na ni mtu mzima, ana ndevu, ana vitu anavyovipenda na vitu hataki hata kuviona, ana watu ambao wakiingia ndani yeye anainuka anaondoka, na bado kila tukienda sehemu maswali yanayomhusu yeye yanakuja kwangu. Anaitwa nani? Anaelewa? Anasumbua? Anaweza kukaa hapa peke yake? Yupo pembeni yangu anasikia yote. Na wanaouliza sio watu wabaya, wengi wao ni wapole tu, wanauliza kwa sauti ya chini ya huruma, ila macho yao hayaendi kwake hata mara moja.

Nimeliwaza hili muda mrefu na kwangu mimi ndo mzizi wa mengine yote. Watu wenye ulemavu wa akili hawaulizwi. Sio kwamba wanachukiwa sana kama tunavyodhani, wanarukwa tu, na mtu akirukwa maisha yake yote anaishia kufa mapema, kufungiwa, kunyimwa kura, kunyimwa mshahara, alafu ukitafuta nani aliyekusudia humpati.

Niweke sawa kitu kimoja kabla sijaendelea maana kila nikiigusa hii mada lazima mtu achanganye. Ulemavu wa akili sio ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata profesa, akatibiwa, akarudi kufundisha. Ulemavu wa akili unaanza kabla mtu hajawa mkubwa, unagusa namna anavyojifunza na anavyomudu mambo ya kila siku kama hela, muda, usafiri, na hakuna dozi ya kuumaliza kwa sababu sio homa. Wataalamu wanapima IQ, yani alama za kipimo cha akili, wanaangalia kama iko chini ya 70 hivi, lakini namba peke yake haitoshi, lazima waangalie na mtu anavyoishi. Mtu anaweza pia kuwa na vyote viwili, ulemavu wa akili na sonona juu yake, na huyo ndo anapotea kabisa maana huzuni yake watu wanaihesabu kuwa ndo alivyoumbwa. Usonji ni kitu kingine, unaweza kuja pamoja na ulemavu wa akili au usije nao. Mtindio wa ubongo hivyo hivyo, kuna watu mwili hauwatii na ulimi ni mzito lakini kichwani wako timamu kabisa, na kila siku wanaongeleshwa kama watoto wanaojifunza kutembea.

Sababu ni nyingi. Kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili, ndo hiyo Down syndrome. Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria ikipanda kichwani, pombe wakati wa ujauzito, mama kukosa madini joto wakati ana mimba (hii inazuilika kwa kuyaweka tu kwenye chumvi), na kwa familia nyingi sababu haijulikani mpaka leo. Nazitaja kwa sababu mama yetu ameulizwa "ulifanya nini ukiwa mjamzito" na watu wengi kuliko waliowahi kumuuliza mwanae anaendeleaje.

Na ni watu wengi jamani. Makadirio yanacheza kati ya asilimia 1 na 3 ya watu wote duniani. Chukua hiyo ndogo, 1, tayari umezidi watu milioni 80. Sasa jaribu kukumbuka ni lini umemsikia mmoja wao akiongea redioni kwa mdomo wake mwenyewe, sio mzazi wake, sio mtaalamu, yeye.

Hospitali ndo sehemu ambayo kurukwa kunageuka kifo, kwahiyo ntakaa hapa kidogo.

Kuna kipindi mdogo wangu alianza kujipiga kichwa upande mmoja, anajipiga kwa kiganja, hataki kula, usiku halali. Tukampeleka. Aliyetupokea akamwangalia mara moja akasema ndo hali yake, hawa huwa wanakuwa hivi, akaandika dawa ya kumtuliza. Mama akagoma kutoka. Alisema mwanangu namjua, hii sio tabia yake, angalieni sikio. Wakaangalia, sikio limejaa usaha. Yani mtu anajipiga sikioni, anaonyesha kwa mkono wake pale pale panapouma, na bado ilibidi mama apandishe sauti ndo sikio liangaliwe. Mimi ningeenda nimeshika sikio wangeanza na sikio.

Hiki kitu kinajulikana kabisa kwenye tiba, ulemavu unaufunika ugonjwa, kila dalili inabandikwa kwenye "hali yake" na mtu anarudishwa nyumbani na kidole tumbo kinachokaribia kupasuka. Uingereza walichunguza vifo vya watu 247 wenye ulemavu wa akili, ripoti ikatoka 2013, wakakuta wanaume wanakufa wastani wa miaka 13 mapema kuliko wanaume wengine na wanawake miaka 20 mapema. Miaka ishirini! Na ukiisoma unategemea kukuta magonjwa ya ajabu ajabu, kumbe sehemu kubwa ni ugonjwa kuchelewa kugundulika na matibabu kuchelewa kuanza. Hayo ni magonjwa yale yale yetu sote.

Angalia na Down syndrome. Marekani mwaka 1983 mtu mwenye Down syndrome alitegemewa kuishi kama miaka 25, leo ni karibu 60. Watu hawakubadilika, kromosomu ni zile zile. Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na Down syndrome wana tatizo la moyo, na zamani wengi hawakufanyiwa upasuaji ambao mtoto mwingine mwenye moyo wenye tatizo lile lile angefanyiwa, maana mtu mzima fulani aliyevaa koti jeupe aliona haina haja. Miaka yote hiyo iliyoongezeka haikutokana na dawa ya kuondoa ulemavu, imetokana kwa sehemu kubwa na watu kuamua kumtibu mtoto kama mtoto.

Kuna kitu kizuri kimeanza kutumika kwenye nchi kadhaa, ni karatasi mtu anaenda nayo hospitali, imeandikwa huyu ni nani, anaongeaje, akiumwa anaonyeshaje, anaogopa nini, umshike vipi wakati wa kumchoma sindano. Ni karatasi tu haina gharama. Ya mdogo wangu tumeiandika pamoja naye, tukimwonyesha picha za sehemu za mwili, na tukagundua kwamba akiumwa tumbo anakaa kimya na akiumwa kichwa anaimba. Anaimba! Miaka yote sisi tunafurahi leo kaamka vizuri.

Sasa kuna mwanamke mmoja nampenda sana habari yake, Judith Scott. Alizaliwa Marekani mwaka 1943, pacha, yeye ana Down syndrome na pacha wake Joyce hana. Wakiwa na miaka saba Judith akapelekwa kwenye taasisi, wakampima kwa maswali ya kuongea, hakujibu, wakaandika kwamba hafundishiki. Hakujibu kwa sababu alikuwa kiziwi. Hakuna aliyewaza kupima masikio, wameshaona sura yake wameshajua kila kitu. Akakaa humo kama miaka thelathini na tano mpaka Joyce alipopambana akawa mlezi wake kisheria akamchukua akaenda kuishi naye California. Mwaka 1987 akaanza kwenda kwenye kituo cha sanaa Oakland kinaitwa Creative Growth, mwanzoni hakuonyesha kujali sana, alafu akakutana na nyuzi. Akaanza kufunga vitu kwa nyuzi, anachukua chochote anakizungushia uzi na kitambaa tabaka juu ya tabaka mpaka kinakuwa umbo kubwa ambalo huwezi kulielezea, na akaendelea kufanya hivyo mpaka alipofariki 2005. Leo kazi zake ziko kwenye makumbusho makubwa.

Lakini sitaki mtu aisome hii aseme umeona, hawa watu wana vipaji vilivyojificha. Hapana. Kama Judith asingegusa uzi hata siku moja bado ilikuwa ni dhambi kumkalisha humo miaka yote hiyo bila kumpima masikio. Hii ndo inaniuma kwenye zile habari nzuri nzuri zinazosambaa, kijana mwenye Down syndrome kamaliza mbio, kamaliza chuo, kawa modo. Nazifurahia kwa moyo wote, Chris Nikic alipomaliza Ironman mwaka 2020, mtu wa kwanza mwenye Down syndrome kufanya hivyo, kuogelea na baiskeli na marathoni kamili juu yake, nilimwonyesha mdogo wangu tukarudia video mara kibao. Ila jamii imejifunza kuwaona pale tu wanapotushangaza. Mdogo wangu hatakimbia marathoni. Anafunga kamba za viatu vyake kwa shida na kuna siku hafungi kabisa. Yeye aonekane kwa kufanya nini?

Kuhusu kufungiwa, wengi wanadhani ni mambo ya kale sana. Willowbrook ilikuwa New York, mji ambao kila mtu anaujua, taasisi iliyojengwa kwa watu 4,000 na kufikia 1965 ilikuwa na zaidi ya 6,000, watoto kwa wakubwa, wengine uchi, wengine wamelala kwenye uchafu wao, na juu ya hapo kulikuwa na utafiti ambapo watoto waliambukizwa homa ya ini makusudi. Mwaka 1972 mwandishi wa televisheni Geraldo Rivera akaingia na kamera ndo nchi ikashtuka, na bado ikafungwa rasmi 1987. Miaka kumi na tano baada ya kila mtu kuona! Na kabla ya hapo kuna Ujerumani ya Wanazi, walianza kuwaua watoto na watu wazima wenye ulemavu mwaka 1939, kwenye mpango wao wa mauaji ulioitwa T4 walifikisha kama watu 70,000 kwa gesi kufikia Agosti 1941, na mauaji yakaendelea kimya kimya baadae kwa sindano na njaa. Waliosaini fomu za kuamua nani auawe walikuwa madaktari, na mara nyingi walisaini bila hata kumwona mgonjwa. Kwangu mimi hapo ndo mwisho wa ile barabara ya kutomuuliza mtu.

Nafarijika na Lois Curtis. Alikuwa na ulemavu wa akili pamoja na ugonjwa wa akili, Georgia kule Marekani, anaingizwa na kutolewa kwenye hospitali za serikali tangu akiwa msichana mdogo, madaktari wenyewe walishasema anaweza kuishi nje lakini hakuna anayemtoa. Akawa anapiga simu kwa mawakili wa msaada wa kisheria, anapiga tena, anauliza lini ntatoka. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1999 ikaamuliwa kwamba kumweka mtu ndani ya taasisi wakati anaweza kuishi kwenye jamii na yeye anataka, huo ni ubaguzi. Yeye alikuja kuwa msanii, akachora, akaenda mpaka Ikulu kumpa Obama mchoro wake, akafariki 2022. Mtu ambaye wengine walishamaliza kumwamulia, alishika simu akauliza swali lake mwenyewe.

Kisheria dunia imeshakubali hili, kwa maandishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na kifungu cha 12 kinasema mtu mwenye ulemavu ana uwezo mbele ya sheria sawa na wengine, na kama anahitaji msaada ili aamue basi apewe huo msaada. Apewe msaada wa kuamua, sio aamuliwe. Kwenye karatasi inaonekana tofauti ndogo lakini nyumbani ni kubwa mno. Hispania mwaka 2018 walibadilisha sheria na watu kama 100,000 wenye ulemavu wa akili ambao mahakama zilikuwa zimewanyang'anya kura wakarudishiwa, 2019 wakapiga kura. Kuna watu walilalamika eti hawa wataambiwa wa kumpigia. Na wewe hujawahi kuambiwa? Mimi nimeambiwa kila uchaguzi na mjomba, na hakuna aliyewahi kunipima kama najua sera za chama changu.

Alafu kuna hili ambalo hata kwenye harakati za walemavu wenyewe halisemwi vya kutosha. Ngazi zikikosa mteremko wa kiti cha magurudumu siku hizi angalau mtu ataona aibu. Mkutano ukikosa mkalimani wa lugha ya alama, kuna atakayesimama kulalamika. Lakini kwa mtu mwenye ulemavu wa akili mlango ni lugha, ni sentensi fupi, neno la kawaida, picha pembeni, muda wa kutosha wa kujibu, na huo mlango hauonekani ukiwa umefungwa. Fomu za hospitali, za benki, za serikali, barua za shule, hata hizo ripoti zinazowahusu wao wenyewe zimeandikwa kwa namna ambayo mimi mwenyewe nasoma mara mbili. Kuna watu wana utaalamu wa kuandika kwa lugha rahisi, na wanaifanya vizuri kabisa pale wanapokaa na watu wenye ulemavu wa akili wakaulizwa hapa umeelewa, hapa je. Ni kazi ya kulipwa hiyo, ni kazi ambayo wao ndo wataalamu wake.

Na kazi nayo, nipite haraka maana nikikaa nitakasirika. Marekani tangu 1938 kuna kipengele cha sheria kinachoruhusu mwajiri mwenye kibali kumlipa mfanyakazi mwenye ulemavu chini ya kima cha chini, na kuna watu wamepanga na kufunga vitu kwenye maboksi maisha yao yote kwa senti. Majimbo kadhaa yamekataza, sheria yenyewe bado ipo. Sehemu nyingine hakuna hata sheria ya kubishania, mtu anafanya kazi ya kubeba na kufagia anapewa asante.

Kinachofuata watu hawapendi kukisikia. Mdogo wangu anapenda mwanamke. Anamjua kwa jina, anachana nywele siku akijua atamwona. Nikilisema hili kwa ndugu wanacheka, au wanaogopa, hakuna jibu la tatu. Kwa miaka mingi nchi nyingi ziliwafunga uzazi watu kama yeye bila ridhaa, Marekani peke yake walizidi 60,000 karne iliyopita na mahakama kuu yao ilibariki mwaka 1927, kwenye kesi ya Carrie Buck, msichana ambaye alibakwa akapata mimba alafu akaitwa hana akili ili aibu iishe. Na upande wa pili, hawa ndo watu wanaodhulumiwa kimwili zaidi ya wengine, na mara nyingi na mtu wanayemfahamu, kwa sababu hawakufundishwa mwili wao ni wao na wakisema hawaaminiwi. Ukimchukulia mtu mzima kama malaika asiye na mwili humlindi, unamwacha bila maneno ya kusema nini amefanyiwa. Mama alikuwa anaona aibu kumfundisha, kwahiyo nimemfundisha mimi, kwa picha, na swali la kwanza alilouliza lilikuwa zuri kuliko yangu yote: na mimi nikikataa, wataacha?

Sijajua nimjibu nini mpaka leo zaidi ya kumwambia akikataa na wasipoacha aje aniambie, nitamwamini.

Kwenye familia zetu lile swali kubwa la usiku ni mama akiondoka atabaki na nani. Wazazi wanazeeka, mtoto hazeeki machoni mwao, na kila mtu anakwepa kuliongea. Sisi tulikuwa tumeshalimaliza, tulikaa kikao, mimi ndo nitamchukua, tukaandikisha na kwa mwanasheria, kila mtu akashukuru. Yeye siku hiyo alikuwa chumba cha pili anasikiliza muziki wake. Mwaka huu ndo nikawaambia jamani, na yeye je. Tukaprinti picha za watu wote na za nyumba zao, tukazitandaza mezani, mama akamwelezea taratibu, siku mimi sipo, unataka kulala wapi, kwa nani. Tulimpa muda, asubuhi nzima bila kumharakisha. Akachukua picha ya mtoto wa mamdogo, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumfikiria. Tukarudia siku nyingine tumezichanganya picha, akachukua ile ile. Nikamuuliza kwangu hutaki? Akasema kwako sawa, lakini kwake kuna watu wengi.

Mtoto wa mamdogo alishtuka kama sisi, ila amekubali waanze na wikiendi waone, na kwa mwanasheria inabidi turudi tukabadilishe, safari hii tunaenda naye.